Dekio linalojikamua: uchambuzi wa kisa cha Joy Mangano na Miracle Mop

Mwaka 1990, katika kisiwa cha Long Island jimboni New York, Joy Mangano alitengeneza dekio ambalo mtumiaji angeweza kulikamua bila kuingiza mkono kwenye maji machafu. Alikuwa na shahada ya biashara kutoka Chuo Kikuu cha Pace, alikuwa ameachana na mumewe, alikuwa na watoto watatu wa kulea, na alikwisha kupitia kazi kadhaa, zikiwemo za kuhudumu mgahawani na kusimamia uwekaji wa nafasi za abiria wa ndege. Dekio hilo aliliita Miracle Mop, na kufikia mwaka 2000 mauzo yake yalikuwa yamefika dola milioni 10 kwa mwaka.

Wengi wanaosimulia kisa hiki hukimbilia hizo dola. Wanamweka Mangano katika orodha ya watu waliotoka chini wakapanda juu, kisha wanamaliza. Mimi naona kwamba kilicho muhimu zaidi kimekaa ndani ya kifaa chenyewe: jinsi mpini, nyuzi na plastiki vilivyopangwa ili vifanye kazi ambayo mikono ilikuwa ikiifanya kwa maumivu, na jinsi mpangilio huo, hata baada ya kukamilika, ulivyokaa madukani bila kueleweka mpaka mbunifu mwenyewe alipousimamia mbele ya macho ya watu. Ninashikilia kwamba hayo mawili ni kazi moja ya usanifu, na kwamba anayeyatenganisha hawezi kueleza kwa nini dekio hili lilifanikiwa ilhali kukamua kwa mashine ndogo kulikwisha kubuniwa karibu miaka mia moja kabla yake.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa anayebuni dekio bila kuitazama kazi ya kudeki hubuni pambo. Kudeki ni mzunguko wa hatua chache zinazorudiwa: kuchovya, kukamua, kufuta, kusuuza, kukamua tena. Kufuta ndiko kunakoonekana, na wabunifu wengi hushughulika nako, lakini uchovu uko kwenye kukamua. Mtazame mtu anayedeki kwa tambara na ndoo. Analitoa tambara kwenye maji likiwa zito, analikunja mara mbili, anashika ncha kwa mikono miwili, mkono mmoja unageukia ndani na mwingine nje, maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko na kulowesha mkono wa gauni. Mchanga uliokokotwa sakafuni unasaga ngozi ya kiganja, na pakiwa na kipande cha glasi kilichovunjika jana ndani ya tambara, kiganja ndicho kinachokigundua. Maji yakiwa na dawa yenye klorini, ngozi inakauka na kupasuka kati ya vidole. Halafu anainama tena, miguu imenyooka na mgongo umelala, anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Katika nyumba zetu nyingi kazi hii hufanywa na msichana wa kazi au na binti mkubwa wa nyumba, kila siku, wakati mwingine mara mbili kwa siku, na ni nadra mtu kumuuliza kama mikono inamuuma.

Kumwinua mtu asiiname ni tatizo lililotatuliwa zamani, kwa mti mrefu wenye nyuzi mwishoni. Lakini mti huo ulileta tatizo jipya: nyuzi zikishaloa, mtu analazimika kuinama tena ili azikamue kwa mikono, na nyuzi nyingi ni ngumu kukamua kuliko tambara kwa sababu hazishikiki kwa pamoja. Ndiyo maana historia ya dekio tangu mwisho wa karne ya 19 ni historia ya kutafuta mahali pa kuweka kikamulio. Tarehe 13 Juni 1893, Thomas W. Stewart, Mmarekani mweusi wa mji wa Kalamazoo, Michigan, alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya ubunifu wake, ya dekio lililokuwa na wenzo (mkono wa kusukumia) wa kubana maji kutoka kwenye nyuzi, na kichwa chake kiliweza kufunguliwa na kubadilishwa. Karibu kila kitu tunachokisifia kwenye madekio ya leo kimo ndani ya wazo hilo. Mwaka 1950, tena Marekani, Peter Vosbikian alibuni dekio la sifongo lenye wenzo unaosukuma bapa la chuma likandamize sifongo. Na nchini Uhispania mhandisi wa ndege Manuel Jalón Corominas, aliyekuwa ameona nchini Marekani sakafu za mahanga ya ndege zikisafishwa kwa madekio marefu na ndoo zenye roli za kukamulia, alianza mwaka 1956, mjini Zaragoza, kutengeneza dekio na ndoo yenye kikamulio kwa ajili ya nyumba za kawaida. Baadaye roli zilitoa nafasi kwa kikapu cha plastiki chenye umbo la faneli, ambacho mtu anakisindilia dekio na kulizungusha. Kikapu cha namna hiyo tunakiona leo juu ya ndoo nyingi zinazouzwa madukani kwetu.

Kwa hiyo Mangano alipoketi kubuni, njia zilikuwa tatu mbele yake: kubana nyuzi kwa wenzo, kuachana na nyuzi na kutumia sifongo, au kukihamishia kikamulio kwenye ndoo. Kila njia ina gharama yake. Sifongo hukamuliwa kwa urahisi, lakini hufuta eneo dogo, haifuati mikunjo ya pembeni mwa sakafu, na huraruka inapopita kwenye saruji yenye kokoto. Kikamulio cha kwenye ndoo ni imara, kwa kuwa uzito wake umekaa chini na haubebwi na mkono, na kwa hospitali au ofisi yenye korido ndefu sioni njia bora kuliko hiyo. Tatizo lake ni kwamba dekio linakuwa mtumwa wa ndoo moja. Kikapu kikivunjika, au ndoo ikichukuliwa kutekea maji, dekio halina kazi. Nyumbani kwetu, ambako ndoo ya lita 20 asubuhi ni ya maji ya kuoga, mchana ni ya kufulia na jioni ni ya kuhifadhia maji kwa sababu bomba limekatika, huo si upungufu mdogo. Dekio lenye kikamulio kwenye mpini wake linakubali ndoo yoyote, beseni, hata bomba la uani.

Mangano aliuchagua mpini, akachagua pia kusokota badala ya kubana. Hapa ndipo napenda kukaa kwa muda, kwa kuwa uamuzi huo ndio uliobeba mengine yote.

Khanga iliyoloa inapokamuliwa na watu wawili, kila mmoja anashika upindo wake, wanavuta kidogo, halafu mmoja anageuza kulia na mwenzake kushoto. Khanga inajisokota kama kamba, inafupika, na maji yanatoka kwa sababu kila uzi unaukandamiza uzi wa jirani kuelekea katikati. Hakuna anayeiminya khanga kutoka nje. Mvuto wa urefu umegeuzwa na msokoto ukawa mbano wa ndani. Dekio la kusokota linafanya kazi ya hao watu wawili kwa mkono mmoja juu ya mpini na mwingine chini yake. Ncha za chini za nyuzi zimefungwa kwenye mwisho wa mti wa ndani, na ncha za juu zimefungwa kwenye bomba linaloteleza juu ya mti huo. Wakati wa kufuta, bomba liko chini, nyuzi zimelegea na kutawanyika sakafuni. Wakati wa kukamua, mtu anavuta bomba juu, nyuzi zinanyooka kuuzunguka mti, kisha analizungusha bomba huku mti ameushika, na nyuzi zinajifunga zenyewe. Maji yanashuka yakifuata mti, yanadondokea ndani ya ndoo, na mikono iko juu, mikavu.

Kanuni ni nyepesi, lakini anayejaribu kuitengeneza hukutana na mambo matatu ambayo kanuni haimwonyeshi. La kwanza ni urefu. Nyuzi zinazojizungusha huhitaji kufupika, na bomba lisiporuhusiwa kushuka kidogo wakati wa kusokota, nguvu yote huhamia kwenye vijino vya plastiki vinavyoshikilia nyuzi, na hapo ndipo madekio mengi ya bei nafuu yanapovunjika, mara nyingi kabla nyuzi zenyewe hazijachakaa. La pili ni unene wa mahali pa kushika. Nguvu ya kuzungusha anayoweza kuitoa mtu inategemea jinsi anavyobana na umbali wa kiganja kutoka katikati ya mti. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 4 humpa mtu yuleyule, kwa mshiko uleule, nguvu mara 1.6 ya ile anayoipata kwenye mti wa sentimita 2.5. Ni tofauti ambayo haionekani kwenye picha, ila mwenye mikono dhaifu huihisi mara moja. La tatu ni kurudi nyuma. Nyuzi zilizosokotwa zina hamu ya kujinyoosha, na mkono ukilegea zinajifungua na kunyonya tena maji yanayodondoka. Suluhisho la kawaida ni meno yanayoruhusu bomba lizunguke upande mmoja tu mpaka litakaposukumwa kulegezwa, na meno hayo ndiyo yanayotoa ule mlio wa kukwaruza mtu anapokamua.

Kuna faida moja ya kusokota ambayo kubana kwa wenzo hakuna: mtu anaweza kuamua kiasi cha unyevu. Mizunguko michache huacha maji ya kutosha kulainisha tope lililokauka. Ukiongeza mizunguko, dekio linabaki na unyevu tu. Kwa nyumba za Marekani zenye sakafu za mbao hili lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa mbao iliyonyweshwa maji huvimba na kupinda kwenye maungio. Kwa sakafu ya vigae ni suala la usalama, maana kigae chenye maji ni mtelezo, na mzee akianguka chooni au kwenye varanda, kupona kwake huchukua miezi.

Sasa tuzitazame nyuzi. Kichwa cha dekio la Mangano kilitumia uzi wa pamba wa futi 300, yaani takriban mita 91, uliopangwa kuwa mizunguko isiyokatwa. Maelezo haya hurudiwa kila mahali kama sifa ya kuvutia wateja, bila kusemwa kwamba ni jibu la kihandisi. Dekio la zamani lilikuwa na nyuzi zenye ncha moja iliyofungwa na nyingine inayoning'inia. Ncha zinazoning'inia hufumuka, huacha nywele za pamba sakafuni na kuvurugana, na zaidi ya yote haziwezi kusokotwa kwa mashine, kwa sababu msokoto unadai ncha mbili zilizoshikwa. Uzi uliopinda na kurudi juu hauna ncha huru, hivyo kila sehemu yake inabeba mvuto na kila sehemu inakamuliwa. Kwa maneno mengine, uchaguzi wa kusokota ndio uliolazimisha mizunguko isiyokatwa, na mizunguko hiyo ikawa pia bora kwa kufuta.

Pamba nayo haikuchaguliwa kwa mazoea tu. Nyuzi nyingi hudhoofika zikiloa. Viskosi, uzi unaotengenezwa kiwandani kutokana na mbao, kwa mfano, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ndani ya maji. Pamba hufanya kinyume: ikiloa huwa imara zaidi kuliko ikiwa kavu. Kifaa kinachovuta na kusokota nyuzi wakati zimeloa, na kurudia hivyo mara nyingi kwa siku, kisingeweza kutengenezwa kwa viskosi tupu bila kukatika mapema. Pamba pia hunyonya maji ndani ya uzi wenyewe, na hilo lina ubaya wake, kwa sababu sehemu ya maji hayo haitoki hata ukisokota vipi, na kichwa kisipoanikwa huoza na kunuka. Nyuzi ndogondogo za poliesta zilizoenea baadaye hushika maji katikati ya nyuzi badala ya ndani yake, ndiyo maana hukamuka kwa wepesi na kukauka haraka. Mangano alilijibu tatizo la kunuka kwa njia nyingine: kichwa chake kilitoka kwenye mpini kikaingia kwenye mashine ya kufulia. Jibu hilo linafaa nchi ambayo mashine hizo zimo karibu kila nyumba. Mahali pa kufua kwa mkono, kutoa kichwa kunasaidia kwa sababu tofauti, kwamba kinaweza kuanikwa juani kikiwa kimefunguka, na jua la saa sita mchana linaua harufu kuliko sabuni.

Ukijumlisha, dekio hili lilitimiza masharti manne kwa wakati mmoja: mikono isiguse maji, mtu asiiname wakati wa kukamua, nyuzi ziwe nyingi za kutosha kunyonya maji ya chumba kizima, na kichwa kisafishike. Kila sharti kivyake lilikwisha kutimizwa na mtu fulani. Stewart alitimiza zaidi ya moja. Ila kabla ya plastiki ya kumimina kwenye kalibu kuwa ya bei ya chini, kuunganisha yote manne kungehitaji chuma, na chuma juu ya mpini kina uzito na kina kutu. Uzito juu ya mpini ni adui wa pekee wa aina hii ya dekio, kwa sababu kikamulio hutumika kwa sekunde chache lakini hubebwa muda wote wa kufuta.

Plastiki ilitatua uzito, ikaleta gharama ya namna nyingine. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ni ghali kabla hata kipande kimoja hakijatoka, na bei ya kipande hushuka tu pale vinapotengenezwa vingi. Huu ndio mtego wa kila mtu anayebuni kifaa cha nyumbani bila kiwanda. Mangano alitumia akiba yake ya dola 10,000, akaongeza mikopo ya ndugu na marafiki, akatengeneza madekio 100 ya kwanza. Aliyauza kwenye maonyesho ya biashara na kwenye maduka ya Long Island, na katika mwaka wa kwanza aliuza elfu chache. Kwa mtu anayetazama kutoka nje hayo ni mafanikio mazuri. Kwa mtu anayelipia kalibu na mikopo ya jamaa zake ni hali ya hatari, kwa kuwa idadi hiyo haitoshi kushusha bei, na bei isiposhuka idadi haipandi.

Alipolifikisha dekio QVC, kituo cha televisheni cha kuuzia bidhaa kilichoanzishwa mwaka 1986 na kilichokuwa na makao West Chester, Pennsylvania, walikubali kuchukua 1,000 kwa utaratibu ambao wafanyabiashara wetu wanauita mali kauli: bidhaa inapokelewa sasa, malipo yanafuata ikiuzwa, na isipouzwa inarudi kwa mwenyewe. Mauzo ya mwanzo yalikuwa ya wastani. Mwaka 1992 Mangano aliwashawishi wamruhusu aliuze yeye mwenyewe mbele ya kamera, na katika muda usiofika nusu saa madekio 18,000 yalinunuliwa.

Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa ubora wa kifaa, kwa sababu kifaa hakikubadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili. Wala sikubaliani na wanaoieleza kwa kipaji cha kuongea peke yake. Tafakari jinsi dekio la kusokota linavyoonekana likiwa limeegemezwa dukani: ni mti wenye nyuzi nyeupe, sawa na mengine yote, ila ni la bei ya juu zaidi. Faida yake yote imo ndani ya mwendo, kuvuta na kuzungusha, na mwendo hauonekani kwenye rafu. Maandishi ya kwenye boksi yanaweza kusema kwamba mikono haitaloa, lakini mnunuzi ambaye mikono yake imeloa kwa miaka 20 hana sababu ya kuyaamini. Anachohitaji ni kuona maji yakitoka. Na anayeonyesha akiwa mgeni wa kifaa, asiyejua kwamba bomba huvutwa juu kwanza kabla ya kuzungushwa, ataling'ang'ania, maji hayatatoka vizuri, na watazamaji watahitimisha kwamba dekio halifanyi kazi. Aliyelibuni hakosei mpangilio wa hatua hizo, na mikono yake inasema jambo ambalo mtangazaji hawezi kulisema: kwamba huyu naye hudeki.

Wanaotembelea maonyesho ya Sabasaba jijini Dar es Salaam wanalijua hili bila kuambiwa. Banda linalojaza watu ni lile ambalo muuzaji anakata karoti, anafuta doa au anachemsha maji mbele yao. Kwa kifaa ambacho ubora wake umejificha ndani ya mwendo, onyesho ni sehemu ya kifaa, na mbunifu anapaswa kulipanga tangu kwenye mchoro. Angeweza kujiuliza mapema: je, mtu akiliona kwa mara ya kwanza ataelewa pa kushika? Je, bomba linaweza kuwa na rangi tofauti na mti, ili jicho lijue kwamba hiki kinateleza juu ya kile? Je, mkamuo mmoja unatoa maji ya kutosha kuonekana kwa mbali? Haya ni maswali ya usanifu kama yalivyo ya kipenyo na meno.

Kuna tukio la nyuma katika maisha ya Mangano linaloeleza kwa nini safari hii hakulegea. Akiwa kijana, alipokuwa akifanya kazi kwenye hospitali ya wanyama, aliwaza kutengeneza ukosi wa kuzuia viroboto wenye rangi inayong'aa, ili mbwa na paka waonekane na madereva usiku. Hakulifuatilia wazo hilo, na mwaka uliofuata kampuni ya Hartz Mountain ikaingiza sokoni bidhaa iliyofanana nalo. Hakuna aliyemwibia, wazo ambalo halijaandikwa wala kutengenezwa halina mwenyewe. Alipofika kwenye dekio alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Ingenious Designs, akaiendesha pamoja na jamaa zake, na mwaka 1999 ikauzwa kwa USA Networks, iliyokuwa ikimiliki kituo kingine cha kuuzia bidhaa kwenye televisheni, HSN.

Kwa fundi wa eneo la Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Kamukunji jijini Nairobi, upande huu wa hataza una habari njema ambayo sijaona ikielezwa. Hataza hulinda katika nchi ilikosajiliwa tu, na kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu kuombwa. Hataza zilizoombwa miaka ya 1990 zimekwisha muda wake, na ile ya Stewart ya mwaka 1893 ilikwisha kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa. Kanuni ya kusokota na ya kubana kwa wenzo ni mali ya umma. Jina la biashara la mtu mwingine bado haliguswi, lakini utaratibu wa kifaa unaweza kutengenezwa, kurekebishwa na kuboreshwa na yeyote, na boresho jipya la kweli linaweza kuombewa ulinzi kupitia ofisi zinazosajili hataza: BRELA kwa Tanzania, KIPI kwa Kenya, au ARIPO yenye makao yake Harare kwa nchi kadhaa kwa pamoja.

Lakini kulinakili dekio la Long Island jinsi lilivyo hakutoshi, kwa kuwa sakafu zetu na maduka yetu ni tofauti. Adui wa kwanza ni mchanga. Pengo kati ya mti na bomba likiwa dogo sana, chembe za mchanga zinazopanda na maji zinakwama humo na bomba linagoma kuteleza; likiwa kubwa sana, bomba linayumba na kusokota kunakuwa kwa upande. Bomba la plastiki la maji ambalo tundu lake ni pana kuliko mti kwa milimita chache linafaa, na matundu machache kwenye sehemu yake ya chini yanaruhusu mchanga kusuuzika badala ya kujikusanya. Vifaa hivyo viwili vinapatikana katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na havihitaji kalibu. Meno ya kuzuia kurudi nyuma yanaweza kuachwa kabisa: kipini kinachoingia kwenye tundu moja kati ya matundu yaliyotobolewa kuuzunguka mti kinafanya kazi ileile, na kikipotea kinabadilishwa kwa msumari.

Jambo la pili ni wale ambao msokoto hauwafai. Mtu mwenye baridi yabisi ya viganja, au bibi ambaye mshiko wake umepungua, anaweza kusukuma na kuvuta lakini hawezi kuzungusha kwa nguvu. Kwake yeye wenzo wa Stewart au kikapu cha Jalón, ambacho uzito wa mwili wenyewe husaidia kukamua, ni bora kuliko kifaa cha Mangano. Kijiti cha kupenyeza pembeni mwa bomba ili kiwe mkono wa kuzungushia kingepunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, na sijui kwa nini watengenezaji hawakiweki.

La tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalokatisha maisha ya madekio mengi yanayoletwa kwetu kutoka nje, ni kichwa cha akiba. Kilichokusudiwa kubadilishwa hakiuzwi. Mama ananunua dekio Kariakoo, nyuzi zinachakaa, anarudi dukani anakuta kuna madekio mazima tu ya aina nyingine ambayo vichwa vyake havikubaliani na mpini wake. Analirudia tambara, na mpini wa plastiki unaishia jalalani ukiwa bado mzima. Fundi anayetengeneza hapahapa anaweza kuondoa tatizo hili tangu siku ya kwanza, kwa kufunga nyuzi kwa pete mbili za waya badala ya vijino vya plastiki, moja juu na moja chini, ili mtu yeyote mwenye uzi wa pamba na koleo aweze kutengeneza kichwa kipya nyumbani. Mita 91 si lazima. Kwa vyumba viwili vya saruji nusu yake inatosha, na kichwa chepesi kinakamuka kwa mizunguko michache. Ningeshauri mafungu ya nyuzi yauzwe pamoja na dekio tangu mwanzo, mawili kwa kila mpini, na anayeuza afungue na kufunga moja mbele ya mnunuzi, akamue, kisha ampe mnunuzi naye ajaribu kabla ya kulipa.